Dada Uliyemzika Geneva

Mdogo wangu Régis,

Jumanne jioni nilipoteza uhai wangu kwenye simu ya Alida, mwenzangu wa makaa. Tulikuwa tumeketi hapa kambini Nakivale kukutazama ukipokea ile tuzo ya dunia huko Geneva. Ukasema makaa ya maganda ya matoke uliyaanzisha kumkumbuka dada yako Godeberthe, aliyefia njiani mkikimbia Burundi. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga yangu.

Ulisema umefundisha wanawake mia tatu. Tuko kumi na tisa, na wengine wote niliwafundisha mimi. Hiyo nakusamehe.

Asubuhi jirani akaleta maharage na kuni za msiba. "Pole, Mama Doriane. Nasikia mumefiwa na dada. Ni yupi?"

"Ni mimi."

Akafikiri kidogo. "Sasa maharage nirudishe nayo ao niache?"

Nikayapika.

Mvua imeanza, makaa hayakauki. Maganda bado nayafuata Mbarara mwenyewe.

Wageni wako wa tuzo watafika hapa Jumapili. Kabla ya Jumamosi saa kumi na mbili jioni unijibu wazi: nikiwafungulia mlango, niwaambie mimi ni nani?

Dada yako wa mama mmoja,
Godeberthe