Simu Niliyosema Nimepiga

Calhoun, Georgia
Jumanne, 23 Juni

Mpendwa mdogo wangu Nadine,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Hujambo lakini? Mgongo umepoa, au bado wanakubebesha magunia ya viazi huko jikoni kwenu, kana kwamba kambi nzima ya jeshi huko Korea haina mwanamume mwenye mikono? Kula vizuri, lala vizuri. Ile picha uliyotuma umekonda, na sikuipenda hata kidogo.

Sisi huku hatujambo, tukiacha goti la Hoyt. Mwenyewe ni mzima, ila goti linalalamika, na likilalamika goti analalamika na yeye, unamjua mume wangu. Nyanya zimekubali mwaka huu. Mama anakula, anashinda kibarazani na anagombana na televisheni, kwa hiyo hajambo kabisa. Kiwandani kwenye mazulia wametuongezea zamu, miguu inawaka moto, lakini kazi ni kazi.

Sasa utajiuliza, mbona barua na tunaongea kila Jumapili? Callie ndiye aliyeniambia niandike. Jumapili ile nyingine ulipopiga alikujibu mkato, "Niko salama, Mama," akamkabidhi Hoyt simu. Juzi hakuja kabisa, alituma neno kwamba anaoga. Najua ilikuuma, niliisikia sauti yako. Usidhani mwanao amebadilika, wala usikae huko ukijiuliza umemkosea nini. Hujamkosea kitu. Mkosaji ni mimi, na nitakueleza yote, ila niache nianzie mbali kidogo, maana nikianzia hapo penyewe nitatupa kalamu.

Nilikwambia vijana wa kanisa wanakwenda Mto Toccoa, kuelea juu ya tyubu, yale mapira makubwa ya kujazwa upepo, na kulala kwenye nyumba ya mbao kule msituni. Mchungaji Tate, yule wa vijana, alikuwa anatafuta mama wa kulala na wasichana na dereva wa basi asiyeomba malipo. Akatupata sisi wajinga wawili.

Ijumaa ile, siku mbili kabla hajakujibu mkato, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Hoyt alijitupa kwenye tyubu yake, makalio yakazama kwenye tundu, miguu ikabaki hewani. Hawezi kuinuka, hawezi kugeuka, maji yanamzungusha tu. Wavulana wakaanza: "Mjomba Hoyt, hiyo tyubu inaomba maombi!" Na yeye huko anakokwenda kinyumenyume anapiga kelele, "Chekeni tu! Leo chakula napika mimi, mtanitambua!" Callie alikuwa amefunga tyubu yake na yangu kwa kamba, akichovya vidole na kulia kwamba maji ni barafu. Na ni barafu kweli, hata Juni. Alikuwa na furaha, Nadine. Tangu uondoke sijamwona akicheka vile.

Jioni tukachoma soseji, vijana wakatoa shuhuda. Callie kimya kama kawaida yake. Unajua tulivyomwombea mtoto huyu, na wewe umeomba kutushinda wote. Miaka yote wenzake wanabatizwa, yeye anasema hawezi kutamka kwamba ameamini wakati bado hajui. Siku unaondoka, pale uwanja wa ndege, ulinishika mkono ukaniambia, "Verlene, akiwa tayari niite. Hata kama huku ni usiku wa manane, nitaamka. Na akiweza kuningoja mpaka nirudi Oktoba, mningoje." Nikakuapia. Callie alikuwa amesimama hapo hapo anasikia.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nageuza bekoni kwenye kikaango alipokuja akasimama karibu yangu.

"Mamkubwa, niko tayari."

"Tayari wapi, hata hujanywa chai?"

"Tayari kubatizwa. Mchungaji Tate anawabatiza wale wavulana wawili leo, pale tunapokodi tyubu. Na mimi nataka. Ila umpigie Mama kwanza. Akisema nimngoje, nitamngoja."

Weee! Nilimkumbatia na uma wa kugeuzia uko mkononi. Bekoni ikaungua na hakuna aliyenisema.

Pale kwenye nyumba ya mbao hakuna mtandao kabisa, lakini kule wanakokodisha tyubu upo. Hilo nataka ulijue, usije ukanitafutia kisingizio kwa huruma zako. Tulipofika nilizunguka nyuma ya duka, nikatoa simu, mtandao umejaa. Jina lako likawa mbele ya macho yangu. Huku asubuhi, kwenu usiku, na labda ulikuwa hata hujalala. Nikasimama pale naangalia jokofu la barafu kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa.

Sikupiga.

Nilijiambia utasema tungoje, naye atangoja, na kufika Oktoba moyo wa mtoto utakuwa umeshapoa. Maneno yenyewe yalikuwa na sura ya dini, kwa hiyo yaliniingia vizuri. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka niwe mimi. Mwaka mzima nimemfungia chakula cha shule, nimemfundisha kuendesha gari, nimekesha naye pumu ilipombana. Nyumbani kwangu, na wewe unalijua hilo, hakuna mtoto mwingine aliyewahi kulala. Nilitaka siku ile moja iwe yangu. Nilikuonea wivu, Nadine, wewe uliyeko huko unawapikia watoto wa watu na kumlilia wa kwako. Nikiliandika naona aibu hata mbele ya karatasi.

Niliporudi alinikimbilia. "Amesemaje?"

"Nimepiga, mwanangu. Hakupokea. Kule ni usiku."

"Piga tena."

"Nimeshapiga tena. Amechoka, mwache alale."

Akatazama mchanga. "Lakini alisema ataamka."

Mchungaji Tate akaita kutoka majini, anauliza nani atasimama na Callie, na mimi nilikuwa nimeshavua viatu.

Nikuelezee ilivyokuwa, maana hilo ni haki yako. Alivaa ile fulana ya kijani ya kambi. Maji yalitufika kiunoni, meno yanagongana. Alinipa miwani yake nimshikie. Vijana walikaa ukingoni juu ya tyubu zao wakiimba, na wakati ule ule wakapita watu wengine wakielea, wanaume wazima na kreti yao ya bia na muziki juu. Mmoja wao alipoona kinachofanyika alizima muziki, akavua kofia, akaishika kifuani mpaka maji yalipompeleka nyuma ya kona. Mchungaji Tate akamuuliza kama amempokea Yesu kuwa Bwana na Mwokozi wake. Callie akasema, "Ndiyo," kwa sauti kubwa, yeye ambaye kanisani hata namba ya wimbo hatamki. Akazamishwa, akainuliwa, watu wakapiga makofi na Hoyt akalia kama mtoto.

Nami nilinyoosha mikono nimpokee. Callie alichukua miwani kwanza. Akaivaa ikiwa na maji, akatazama ukingoni, uso mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho, kisha akarudia. Alikuwa anatafuta kama kuna mtu ameinua simu ili wewe uone. Alidhani labda umeamka ukaona nimekupigia, ukapiga. Nilimkumbatia, akakubali kukumbatiwa, lakini macho yake yalikuwa bado kule. Hapo hapo, ndani ya yale maji, nilijua nimefanya nini.

Ungedhani ningesema siku ile ile. Sikusema. Nilimwomba Mchungaji Tate asiweke picha mtandaoni. Hoyt nilimwambia asiropoke, Callie anataka kukupa habari mwenyewe, na maskini Hoyt akaamini, ndiyo maana alikusimulia habari za goti tu. Mama alipopata habari alilia kwa furaha, kisha akauliza, "Na Nadine alisemaje?" Nikamuuliza kama amekunywa dawa zake. Uongo mmoja ulinidai mwingine kila siku, na mimi nikawa nalipa bila kukosa.

Mtoto naye alikuwa anangoja wewe uanze. Katika akili yake ulikuwa umeona kwamba nilikupigia mara mbili, kwa hiyo Jumapili ungeuliza, "Mlinitafutia nini jana?" Hukuuliza. Ungeulizaje na hukupigiwa? Akakujibu mkato. Juzi baada ya wewe kukata simu, alikuwa anaosha vyombo, akasema bila hata kugeuka, "Nilidhani ni jambo kubwa kwake. Kumbe si kitu."

Nikashindwa. Nilikaa chini nikamwambia, "Sikumpigia mama yako. Hata mara moja."

Hakunipigia kelele. Heri angepiga, ningejua pa kushika. Aliuliza tu, "Kwa nini?" Nikaanza kuzunguka na mzaha wangu, kwamba mimi na simu hatupatani, unanijua. Akanikatiza. "Mamkubwa, usinichekeshe." Basi nikamwambia yote, na wivu wangu ndani yake. Akafuta mikono, akaenda chumbani kwake.

Jana alikwenda mwenyewe kumwona Mchungaji Tate akamuuliza kama anaweza kubatizwa tena Oktoba, wewe ukiwepo. Mchungaji alimjibu kwa upole, lakini jibu ni lile lile tulilolelewa nalo mimi na wewe: mtu hubatizwa mara moja. Alinieleza hayo akiwa amesimama, begi liko mgongoni. Nikamwambia twende tukupigie simu sasa hivi. Akakataa. "Kwenye simu utamchekesha, naye atakwambia haidhuru, na itaishia hapo. Mwandikie. Akishajua, nitaongea naye." Ana haki. Nimekuibia kitu ambacho sina pa kukinunua nikurudishie, na ningesikia sauti yako ikisema haidhuru, ningeikubali upesi upesi nikalale.

Kwa hiyo usiniambie haidhuru, Nadine. Kasirika. Ukitaka kukaa mwezi bila kusema nami, kaa, nitajua uko salama kwa kumsikia Hoyt. Ninaloomba ni moja: ukimaliza kusoma, mpigie yeye, si mimi. Piga saa yoyote. Analala na simu chini ya mto. Muulize habari za kule mtoni, umwache akusimulie mwenyewe kuanzia mwanzo, na ujifanye hujasikia lolote kuhusu yule mlevi wa kofia, maana hapo ndipo anapopapenda.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae soksi. Hoyt anakusalimu, nimemwambia naye yote jana, na leo hakuniwekea chai, kajitengenezea yake peke yake. Mjomba Royce na mkewe wanakusalimu pia, wamekuwekea chupa za pichi walizosindika. Nisalimie Denise mwenzako wa jikoni. Bwana akulinde kule uliko, akutunzie mgongo, akurudishe Oktoba salama kwa mwanao.

Naishia hapa kwa sababu Callie amesimama mlangoni, viatu ameshavaa. Nimemwambia aache tu, bahasha nitaipitisha posta kesho nikienda kazini. Amenijibu kwa adabu, bila hasira hata chembe, "Hapana, Mamkubwa. Ifunge unipe, niipeleke mwenyewe."

Ni mimi dada yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Verlene