Kinu cha Upepo cha Baba Mkwe

Dada Restuta mpenzi,

Nakuandikia kutoka Muleba, nyumbani kwao mume wangu, mlimani juu ya ziwa. Nampenda zaidi nikimwona akitembea peku katika kibanja alichokulia, shamba lao la migomba. Nyuma ya nyumba kuna kinu cha upepo alichokijenga marehemu baba yake. Upepo husukuma mapanga, mapanga huzungusha sumaku katikati ya nyaya za shaba, na mzunguko huo ndio unaozalisha umeme wa taa. Mume wangu alinieleza huku akizungusha kidole kiganjani mwangu, nikaelewa kuliko nilivyoelewa darasani.

Ila mapanga yalikuwa yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Nikachukua kisu nikate, mume wangu akanishika mkono. Hapa mtu akifariki majembe hupumzika siku za matanga, na mama mkwe alikipumzisha na kinu. Majembe yalirudi shambani tangu mwaka jana, lakini ile kamba hakuna aliyethubutu kuigusa.

Mama alituona. Akaja taratibu, akakitazama kisu. "Kata wewe, mwanangu. Sisi tuliomzika mikono ni mizito."

Nikakata. Upepo wa ziwa ukayashika mapanga, taa ya jikoni ikawaka mchana kweupe. Mama akaingia, akasimama chini yake, akasema, "Sasa chekeni. Siku tatu mnanong'ona humu ndani kama wezi."

Dada, nilicheka huku nalia. Nakuombea upendwe kama ninavyopendwa huku.

Mdogo wako,
Adela