Mimi Siyo Injinia

Jumatatu, 4 Agosti

Bomba la jikoni bado linadondoka. Nimeweka sufuria chini yake, nikatoka. Kutoka Somanda mpaka Kasoli vumbi tupu. Nimefika zahanati nimekuwa rangi ya barabara.

Nimefunga paneli za mwisho za sola na kuunganisha pampu ya kisima. Imevuta maji mara ya kwanza tu nilipowasha. Hakuna aliyeniona nikitabasamu, ila nilitabasamu.

Nikiwa nafunga mizigo, mwenyekiti wa kijiji, mzee Masanja, akaja kunionyesha tanki jipya waliloletewa. Lita elfu kumi. Anataka likae juu ya mnara wa hapo zahanati kabla ya Ijumaa, maana Nane Nane wana sherehe ya maji. Mnara ule ulijengwa kwa tanki la elfu mbili lililopo. Nikamuuliza nani amepiga hesabu kwamba utabeba. Akacheka. "Si wewe hapo, Injinia?"

Huku kila anayeshika spana ni injinia. Nimeshazoea. Leo sikuipenda.

Jumanne, 5 Agosti

Masanja kanipigia kabla sijanywa chai. Niseme tu ndiyo, vijana wapandishe tanki. Nimekataa. Nimemwambia mimi ni fundi sanifu, nimesomea teknolojia, sikusomea uhandisi. Akataka kujua tofauti. Nilianza kumjibu vibaya, njaa ilikuwa inauma. Kisha nikatulia.

Mhandisi anaulizwa kabla kitu hakijasimama: kitabeba? Kwenye udongo gani? Kikianguka kitaangukia wapi? Mimi naulizwa pale vifaa vipo mkononi: vifungwe vipi, viwashwe vipi, vifanye kazi kila siku bila kusumbua watu. Hakuna aliye juu ya mwenzake. Ni kazi mbili. Na kazi ya mnara siyo yangu, sitaijibu kwa kubahatisha, chini ya mnara ule wanapita wajawazito.

Mzee akasema basi nimewadanganya siku zote. Sijamdanganya mtu. Nina hasira mpaka naandika kwa kukandamiza kalamu.

Jioni Mama kapiga kutoka Lingeka. Habari imeshafika. Mama kila mahali, kwenye mnada, kanisani, kwenye foleni ya kuuza pamba, ananitaja hivyohivyo: mwanangu injinia. Nimemsahihisha mpaka nimechoka, hasikii. Leo ameuliza kama ni kweli nimewaambia watu mimi siyo. Nikasema ni kweli, Mayu. Akanieleza habari za ng'ombe aliyezaa. Halafu akasema Ijumaa anakuja Kasoli, na manju wa ngoma wa kwao ameshanitungia wimbo. Nikauliza wimbo unasemaje. Simu imekatwa.

Jumatano, 6 Agosti

Injinia Ngassa wa ofisi yetu amekuja kuukagua mnara. Ofisini hatupatani sana. Ana tabia ya kusema "mafundi wangu" kama vile katuzaa. Lakini leo nampa haki yake. Amechimbisha shimo ubavuni mwa mnara. Udongo mweusi wa mbuga. Sasa hivi umepasuka, mkono unazama ndani ya ufa. Mvua zikinyesha utavimba na kusukuma kila kilichosimama juu yake. Akageuza ndoo, akaikalia, akapiga hesabu. Sikumsemesha.

Jibu: tanki kubwa hapana. Dogo sawa. Wakitaka kubwa, msingi ujengwe upya, wa kwenda chini zaidi, na hiyo siyo kazi ya wiki hii.

Masanja akauliza, je, akina mama wanaojifungua waendelee kuja na ndoo? Maana tanki dogo linakauka kabla ya adhuhuri. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka. Watu wakamtazama Ngassa. Ngassa akanitazama mimi.

Hapo ndipo kwenye kazi yangu. Nikasema tanki kubwa libaki chini, kwenye jukwaa la zege lililopo pale kisimani. Dogo libaki juu. Stoo ya zahanati kuna pampu ndogo waliyoitupa, hiyo ipandishe maji kutoka chini kwenda juu. Ndani ya tanki la juu naweka boya. Maji yakishuka, pampu inajiwasha. Yakijaa, inajizima. Usiku zinabaki lita elfu mbili juu, zinatosha mpaka jua litoke.

Ngassa akainama kupima unene wa zege. Mimi nikauliza nani ana msasa. Alipoinuka alisema zege linafaa, na kwamba wazo la matanki mawili yeye halikumjia. Aliyasema hayo mbele ya watu. Nimeyapokea.

Alhamisi, 7 Agosti

Pampu imejaa kutu. Nimeifungua yote. Beringi mpya. Gasketi nimekata kwenye mpira wa ndani wa tairi la pikipiki. Inazunguka bila kelele. Mikono myeusi, mgongo unauma.

Naogopa kesho. Siyo pampu.

Ijumaa, 8 Agosti

Maji yametoka wodi ya wazazi. Nesi alinawa mikono, akamaliza, akaendelea kunawa. Nilikwenda nyuma ya jengo nikasikiliza pampu ikijizima yenyewe. Sijui kama kuna raha kuzidi ile.

Kisha ngoma. Wachezaji na majembe yao, manju mbele, Mama mstari wa kwanza na kitenge kipya. Wimbo wa Kisukuma: binti wa Lingeka, injinia aliyeyaita maji yakaitika. Mama akainuka, anacheza, ananionyesha kwa kidole. Watu wanapiga vigelegele.

Nikanyoosha mkono. Ngoma ikasimama. Manju hasimamishwi, najua, nimekulia huku. Nikasema injinia ni yule pale, Ngassa, ndiye aliyezuia mnara usiwaangukie. Mimi ni fundi sanifu. Niimbeni hivyo au msiniimbe kabisa.

Mama akakaa.

Manju akamwendea Ngassa, akamuuliza jina la baba yake na la babu yake. Akarudi kwangu, akaniambia nirudie lile neno. Akalitamka polepole, mara kadhaa, huku akipiga mguu. Akawageukia wapiga ngoma. Wimbo ukaanza upya na sehemu mbili, ya injinia na ya fundi sanifu. Yangu ilikuwa ndefu zaidi. Nimehesabu na kuhesabu, ilikuwa ndefu zaidi.

Najivunia. Naandika hivyo bila aibu. Mama hakunitazama mpaka chakula kimeisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama amelala kwangu. Asubuhi salamu tu, mwangaluka, basi. Nimefagia uani mara mbili bila sababu.

Mama mdogo akapiga simu kutaka habari za sherehe. Nikamsikia Mama jikoni, kwa sauti ile ya mnadani. "Hapana, injinia ni mwingine, kijana mmoja wa hesabu, mzuri tu. Wa kwangu ndiye aliyeyafanya maji yatoke. Anaitwa fundi sanifu. Huko kwenu hamna."

Nimesimama na ufagio. Nikafagia mara ya tatu kabla ya kuingia.

Nilipoingia alikuwa ameshika ile sufuria ya chini ya bomba, imejaa. Akaitazama. Akalitazama bomba. Akanitazama mimi.

Nikaenda kuchukua spana.