Ule Mkojo Ulikuwa wa Mbuzi

Salaam aleikum, Halima wangu. Huku Isiolo tuko salama. Mamako amepona kikohozi, na ndiye ananiandikia.

Unauliza mbona simu yako huko Nairobi inasema figo zangu zina shida. Wacha kulia. Kile kifaa cha kupima mkojo ulichoniwekea chooni kikutumie majibu kwa simu, nilikijaribu kwanza na mkojo wa mbuzi. Ningekiamini vipi hivihivi?

Nikiwa msichana Garbatulla, baba alikuwa akitazama mkojo wa ngamia mchangani, anamtenga mgonjwa kabla hajakonda. Mama alipovimba miguu, hakuna aliyemtazama hivyo. Tulimzika.

Sasa nimechanganyikiwa: kifaa kinadanganya, ama mbuzi ni mgonjwa? Kesho nakojoa mimi mwenyewe. Simu ikisema vibaya, usinifiche, roho yangu.

Akoo, nyanya yako