Maneno Niliyoandika Kwenye Kundi la Vitunguu

Binti yangu Paskalina,

Nimeshindwa kuanza na salamu. Mama yako anasema uko Babati, umepata kazi kwenye duka la madaftari. Mnaongea kila Jumapili baada ya misa. Nikiingia ndani anashusha sauti, halafu ananiambia mtandao umekata. Simuulizi zaidi. Barua hii naiweka wazi kwenye kundi letu la simu la wauza vitunguu wa Mang'ola, kwa sababu hata yale maneno yangu mengine uliyasoma pamoja na watu wote.

Nakukumbuka ukiwa darasa la nne. Zamu yetu ya maji ya shamba ilikatika katikati, ukapanda na mfereji peke yako, ukamkuta mzee Bura wa shamba la juu ameuziba kwa viroba na matope. Nilipofika umesimama ndani ya maji, sketi ya shule imelowa mpaka kiunoni, unamwambia, "Babu, saa yako haijafika." Bura alicheka mpaka akakaa chini. "Umezaa dume hapa," akaniambia. Nilifurahi siku nzima. Sikujiuliza kwa nini sifa yako ilibidi iwe ya kiume.

Na safari za Karatu. Ulikaa katikati yangu na dereva wa lori, ukisoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye magari ya watalii yanayopanda Ngorongoro. Maneno mengine ya Kizungu ulikuwa ukiyasoma hovyo. Sikukusahihisha, mwanangu, maana hata mimi sikuyajua. Ukilala, kichwa chako kilikuwa kizito begani kwangu, na sikukusogeza.

Uliporudi na diploma yako ya kilimo wakakuchagua katibu wa kamati ya maji. Halafu ikaja siku ya mkutano kwenye banda la mizani. Ulisimama ukasema kila mwanamke anayelima aandikwe kwenye daftari la zamu za maji kwa jina lake, si kwa jina la mume wala la marehemu. Uliongea taratibu. Mama Rozina, yule jirani yetu mjane, alikuwa anafuta macho kwa kanga. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nikikubaliana na kila neno. Hilo hulijui, kwa sababu sikufungua mdomo.

Mtu alikuwa anarekodi. Wakakata yote, wakabakiza sentensi moja: "Wanaume mmelala, tunaopalilia ni sisi." Wakaweka na muziki wa kuchekesha. Jua halijazama, klipu ilikuwa imefika Karatu mjini, imefika Arusha, imefika kwa watu wasiojua hata Mang'ola iko wapi. Niliyasoma maoni yao. Mmoja aliandika, "Huyu apewe mimba atulie." Mwingine aliuliza unalala nyumba gani. Mwingine akaandika kwamba haki za wanawake zimezidi, wakati umefika zipunguzwe, na mamia walimuunga mkono. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje. Mama yako akanipa chai, nikainywa.

Kisha Bura akaandika kwenye kundi: "Mzee, huyu si wa kwako?"

Niliona wanaume wote niliozeeka nao wakinisubiri ndani ya simu. Nikaandika: "Nimemsomesha kupita kiasi. Nitamrekebisha." Nikaweka na kile kikatuni cha kucheka.

Ulijua kabla ya kesho yake. Walipiga picha maneno yangu wakayasambaza: hata baba yake amemkataa. Ulikuja nyumbani na viatu vyenye vumbi, hukukaa.

"Baba, hii umeandika wewe?"

"Ni utani wa wanaume tu," nikasema.

"Sawa, baba."

Ungepiga kelele ningejua la kufanya. Ulichukua ungo, ukamsaidia mama yako kupepeta maharage mpaka yakaisha. Wiki hiyo hiyo ukaandika barua ya kujiuzulu, ukapanda gari, na mimi nilikuwa shambani. Nililiona likipita. Nikaendelea kupalilia.

Tangu hapo sisikii kitu moyoni, Paskalina. Sisemi hivi ili unionee huruma. Nakula, nalala, navuna. Watu wanadhani nimetulia. Majina ya wanawake uliyokuwa umeyaandika yalifutwa kwenye daftari, yakarudishwa ya waume. Mama Rozina alisogezwa mwisho wa zamu, na vitunguu vyake vilikauka kabla havijajaa. Nilipita pale nikaviangalia. Nilijua napaswa kulia.

Kwenye mkutano uliofuata nilisimama. Nikasema, "Yale maneno niliandika mimi, na niliyaandika kwa woga. Alichosema binti yangu ni kweli." Wakanirekodi na mimi. Mtandaoni waliniita mzee aliyekaliwa na mwanawe. Haikuniuma. Nilitamani iniume.

Kilichonigusa ni kidogo tu. Mdogo wako Sesilia, unajua yuko kidato cha pili, walimu walimteua awe kiongozi wa darasa. Akakataa. Nikamuuliza kwa nini.

"Watanirekodi, baba," akasema, akaendelea kuosha vyombo.

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Kama yeye ameshajifunza hivyo akiwa na umri huu, sijui wajukuu wangu wa kike watathubutu kusema nini, na wapi.

Jumanne nilikwenda kwa kamati kuomba jina langu lifutwe kwenye daftari, liandikwe la mama yako, maana ndiye aliyelima shamba lile miaka yote mimi nikizunguka na malori. Wakacheka. Wakasema niende nikapumzike. Nimewaambia nitarudi Jumanne ijayo, na inayofuata. Mama yako anasema nimechelewa. Hajasema nisiende.

Sikuombi urudi. Usinijibu kama moyo wako haujataka. Wengine mnaosoma hapa, msinipe pole. Siku ile mlisubiri nitasema nini juu ya mtoto wangu. Basi ninachosema ni hiki: alisema kweli, na mimi nilimkana mbele yenu.

Ni mimi niliyeandika yale, na nimeandika na haya,

Baba yako.