Macho ya Baba Juu ya Jukwaa

Hollins Gap, Virginia
9 Septemba 2019

Mpendwa kaka Garnet,

Natumaini wewe, Ilene na Corbin hamjambo, na kile kikohozi cha Ilene kimekwisha. Huku tu wazima. Shangazi Ovella ametoka hospitali na tayari anagombana na paka wake. Baba anakula vizuri na kulala vizuri. Nakuandikia habari zake, kwa kuwa kwenye simu kila nikimtaja unageuza mazungumzo.

Unajua nilivunjika mbavu mbili Julai kwenye mbio za magari. Tulikuwa mzunguko wa 61 kati ya 100, natoka kona ya nne, Baba akasema redioni, "Kweupe, mama, panda." Kweupe maana yake hakuna gari ubavuni, basi nikapanda kuelekea ukutani. Kumbe Harlan Tuttle alikuwa ubavuni kwangu, mlango kwa mlango, tukagongana. Kile kifaa cha kukinga shingo hakiniruhusu kugeuza kichwa. Upande wa kulia sina macho ila ya Baba pale juu ya jukwaa. Nilimtukana Harlan mbele ya watu. Akanijibu, "Dada, mimi niko pale tangu kona ya tatu. Muulize mzee wako alikuwa anahesabu ndege?" Nikamwona mjinga.

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta nati katika kopo la boliti la Baba, nikakuta karatasi ya daktari wa macho wa huko kwenu Oregon, ya tarehe 14 Februari. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona pembeni tu, katikati ni ukungu. Asiendeshe gari. Chini pana sahihi ya aliyemsindikiza mgonjwa, nayo ni yako.

Karibu miezi saba, Garnet. Mbio kumi na nne. Gari nimelijenga kwa mikono yangu, kila nati naijua imekazwa kiasi gani, na hili mkanificha.

Twyla, anayenishughulikia matairi, hurekodi maneno yetu ya redioni. Nimesikiliza mbio zote kumi na nne na kulinganisha na video. Baba alisema "kweupe" mara 412. Tatu hazikuwa kweli. Moja ni mbavu zangu. Mbili nyingine nilipona kwa sababu mwenzangu alikanyaga breki, nami sikujua lolote.

Nikajiuliza, hizo 409 alizipataje? Jumamosi kwenye mazoezi nilimpa Twyla gari, nikapanda jukwaani kimya, nikasimama nyuma ya Baba. Alikuwa amefumba macho. Anasikiliza injini, Garnet. Anajua ya Harlan, anajua ya yule kijana wa Mount Airy, anazipanga kichwani. Nikakaa chini kwenye bati. Julai Harlan alikuwa amefunga injini mpya, na sauti yake Baba hakuijua.

Jumapili, Baba akiwa kanisani, nilimpa Twyla redio na kumwomba Harlan azunguke nami. Twyla anaona hata kunguru aliye mlimani. Kila aliposema "kweupe", mguu wangu uliondoka wenyewe kwenye mafuta. Baba akiwa redioni nilikuwa nazunguka kwa sekunde 16.21. Kwa Twyla, 16.84. Harlan akanicheka, "Dreama, mama yangu anakwenda kanisani kwa kasi hiyo." Sikuweza kucheka.

Tarehe 21 ni mbio za mwisho wa msimu, mizunguko 150, magari 24. Baba ameshapiga pasi shati lake. Nikimwambia mimi, atasema nina kinyongo cha mbavu. Wewe ulikuwepo daktari aliposema. Ulimwahidi Baba kunyamaza, ukanyamaza, aliyevunjika ni mimi.

Mpigie Jumatano tarehe 18, saa moja asubuhi ya huku. Kwako itakuwa saa kumi alfajiri, amka. Mwambie mimi nimejua, na kwamba siku ya mbio redio ataishika Twyla. Mimi nitakuwa nimekaa naye mezani, hatakuwa peke yake. Usipopiga, itabidi nimnyang'anye redio uwanjani mbele ya watu wote, na hilo hatanisamehe. Na baada ya hapo bado nitalazimika kuingia kona ya kwanza, nikiiogopa sauti ya Twyla, ya mtu anayeona sawasawa.

Msalimie sana Ilene, na Corbin mwambie shangazi amemwekea usukani wa zamani. Shangazi Ovella anawasalimu. Mungu awatunze wote huko pwani.

Dada yako akupendaye, ingawa bado nimekukasirikia,
Dreama