Kiti cha Saba na cha Nane: Kwa Baba Yetu, Lowell Hostetter

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu moyo wako usimame Jumanne ile ya Februari. Ulikuwa kwenye kiti chako cha sebuleni, viatu vya kazi bado miguuni, na mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo ya Machi yalikuwa yamebakiza wiki chache tu. Mahali pa karatasi yako ya ubashiri, kwenye mlango wa friji, hapajabandikwa kitu. Mama hataki.

Kalamu wamenipa mimi, Maren, mtoto wako wa mwisho, kwa kuwa nimemaliza chuo Mei iliyopita. Hukuniona nikivaa joho. Nilitaka sana unione.

Ulipeleka barua hapa Tillman kwa miaka thelathini na mmoja, kwenye theluji na kwenye jua la Indiana, na pamoja na barua ulipeleka maoni ambayo hakuna aliyeyaagiza. Bibi Leota wa Mtaa wa Tatu alituambia siku ya mazishi, "Bili yangu nilikuwa naipata, lakini kwanza lazima nielezwe jinsi mstari wa pointi tatu ulivyoharibu mpira wa kikapu." Watu wakacheka kanisani. Mama naye akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Hukupenda mchezaji wa kulipwa apumzishwe na hali haumwi. Hukupenda kijana anayebadilisha chuo kila mwaka kama anabadilisha soksi. Suala la wachezaji wa vyuo kulipwa ndilo hukutaka hata kulisikia. "Wakishalipwa ni vibarua," ulikuwa unasema. "Chuo ni jezi, si mshahara." Nasi mezani tuliitikia kwa vichwa na kuendelea kula mikate yetu ya nyama ya nguruwe ya kukaanga, ile pana inayoning'inia nje ya mkate pande zote.

Wivu wako haukuwa wa siri. Timu yetu ya chuo cha Ellery haijawahi kutwaa ubingwa hata mmoja, na wale wa chuo cha kusini wana bendera tano za ubingwa zinaning'inia darini kwao. Kila runinga ilipozionyesha, uliinuka ukaenda dirishani, kana kwamba umesikia gari la mgeni. Mashabiki wao wa mtaani kwetu walipata gazeti lao la michezo nyumba ya mwisho kabisa, tena limekunjika.

Mechi ulizitazama kwa picha bila sauti, na redio pembeni, kwa sababu uliwaamini watangazaji wa redio tu. Redio ilitangulia picha kwa sekunde kadhaa. Mimi nikiwa mdogo sikulijua hilo. Ulisema, "Unaingia huu," mpira ukiwa bado mkononi mwa mtu, na ukaingia. Kwa miaka mingi niliamini baba yangu anaona mambo kabla hayajatokea.

Wivu huo ulinirithisha, Baba, ila wangu haukuwa wa bendera. Ulikuwa wa kiti.

Ulikuwa na viti viwili vya msimu mzima katika ukumbi wa Ellery, safu ya kumi na mbili, namba saba na namba nane. Cha saba chako. Cha nane ulimpa Mzee Orville Pruitt, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, fundi wa matrekta, tena shabiki wa wale wa kusini! Mtu mwenye kofia nyekundu ya timu yao, katikati ya watu wetu, kila Jumamosi, kwa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nasimama kwenye ngazi za mbele nikiwasikia mnaanza kubishana kabla gari halijawaka.

"Lowell, wewe ungekuwepo siku ile kikapu kinatobolewa kitako, ungelalamika kwa nini wametoboa."

"Ningelalamika, ndiyo! Zamani kikapu kilikuwa na kitako, mpira ulikuwa unapata nafasi ya kupumzika humo ndani."

"Basi kapumzike nao, mzee, uniachie usukani."

Mkaondoka mnacheka. Na mimi nikarudi ndani nikiwa nimekasirika hadi nashindwa kula.

Nilipofika miaka kumi na miwili nilikuomba. Unakumbuka? Nilikuwa nimevaa fulana ya Ellery, nywele zimefungwa kwa utepe wa kijani.

"Baba, leo nipeleke mimi."

"Orville ameshavaa koti, binti yangu."

"Lakini yeye hata si wa kwetu! Mimi nakubaliana na wewe kwa kila kitu."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo," ukasema, ukanibusu utosini, ukaenda zako.

Nilidhani unanitania. Nikaamua kwamba sijui ya kutosha. Kuanzia siku hiyo nikayashika maoni yako yote moja baada ya jingine, makocha unaowaheshimu na marefa usiowasamehe, nikawa nayarudisha kwako mezani kama wimbo. Ulinisikiliza kwa upole, Baba. Kisha Jumamosi ukaondoka na Orville.

Wiki moja baada ya kukuzika, Mzee Orville alivuka barabara na kofia mkononi. "Hii tiketi ni ya nyumba yenu, binti," akasema. Niliipokea. Sikumwambia asante wala karibu ndani. Nakiri hapa mbele ya wote wanaosoma, nilifurahi. Nilijiambia hatimaye kiti kimerudi kwangu.

Novemba msimu ulipofunguliwa nilikwenda na kaka Grant. Alitazama simu yake hadi mwisho. Baada ya hapo nilikwenda peke yangu, nikakaa cha nane na kuweka koti langu kwenye cha saba. Nikasema kwa sauti, kama wewe, "Pointi tatu tena! Wameua mchezo!" Koti halikujibu. Mwanamke wa mbele akageuka, akanipa bisi zake. Alinihurumia.

Januari Mama alifungua mkoba wako wa barua, ambao tulikuwa tunaogopa kuugusa, akakuta daftari. Tulidhani ni la maoni yako. Kumbe humo hakuna neno lako hata moja. Uliandika maneno ya waliokupinga tu, kila mtu kwa jina lake na tarehe. Bibi Leota yumo. Mchungaji yumo mara mbili. Kurasa za Orville nilizihesabu nikaacha kwenye arobaini, kwa sababu nilihisi kama nimekukuta unacheka na mtu chumba cha pili na mlango umefungwa.

Niliendelea kufunua nikijitafuta. Nikajikuta mahali pamoja tu, karibu na mwanzo:

"Maren, miaka tisa. Anasema mitupo huru ipigwe kwa mikono miwili kutoka chini, kama mtu anayemwaga ndoo. Nikamwambia watu watawacheka wachezaji. Anasema kicheko cha watu hakiandikwi kwenye ubao wa pointi. Nimefikiri wiki nzima. Sina la kumjibu."

Baada ya hapo simo tena, Baba. Tangu umri huo nilianza kukubaliana na wewe kwa kila kitu.

Siku iliyofuata nilivuka barabara. Mzee Orville alikuwa chini ya trekta, miguu tu inaonekana.

"Kiti chako kipo, Mzee Orville."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Cha Baba."

Spana ikagonga chuma chini kule. Kisha akasema, "Njoo na la kusema basi. Mimi sikai na koti."

Habari za lile koti zilikuwa zimemfikia.

Jumamosi iliyopita Ellery walifungwa na timu ambayo hata wewe usingeipa nafasi kwenye karatasi yako ya friji. Dakika za mwisho Mzee Orville aliguna, akasema, "Baba yako alikuwa sahihi. Hawa watoto pesa imewaharibu." Yeye, aliyekupinga juu ya jambo hilo hilo miaka yote! Anayabeba maoni yako sasa, maana wewe hupo kuyasema. Nikaona jinsi pengo lako linavyomuuma. Bado nikamwonea wivu, kwa Jumamosi zote zile ambazo sitazipata.

Kisha nikasema, "Mzee Orville, hapo mmekosea wote wawili."

Akageuka polepole. "Rudia hiyo."

Nikarudia, na sasa nakwambia wewe. Kule chuoni nililala chumba kimoja na Dasha, mchezaji wa timu yetu ya wanawake. Jezi ya namba yake iliuzwa dukani, naye alikula tambi zangu za pakiti na barafu imefungwa gotini. Yule alikuwa anafanya kazi, Baba. Anayefanya kazi alipwe. Nililijua hilo miaka mitatu, na kila nilipokuja likizo niliitikia kwa kichwa nikasema, "Kweli, Baba."

Haikuwa kweli. Umekosea. Liandike hilo, na tarehe, na jina langu.

Ni sisi: mkeo Verna, wanao Grant na Maren, dada yako Arlene, na Orville Pruitt, wa kiti cha nane.

Tutakukumbuka siku zote, na hatutaacha kukupinga.